Mali, Tahadhari na Haki ya Familia

Matini ya mazungumzo na waumini wa Mwanza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao. Ama baada ya hayo:



Tumeombwa tuzungumze juu ya mali. Waliotuomba walitaka tueleze ni kwa njia gani Mwislamu wa kipato cha kawaida, mwenye duka dogo Makoroboi, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, fundi, mwalimu au mtumishi wa serikali, anavyoweza kuweka akiba na kuizalisha bila kuingia katika haramu na bila kuiangamiza nyumba yake. Tumeitikia ombi hilo. Lakini tumeongeza jambo moja ambalo hatukuombwa, nalo ni mapumziko ya familia: matembezi, michezo ya watoto na kazi ndogo ndogo ambazo mtu huzifanya kwa kuzipenda tu. Huenda baadhi yenu wakauliza, mambo haya mawili yanakutana wapi? Jibu letu ni kwamba yanakutana ndani ya nyumba. Mwenye kuwekeza kwa pupa hupoteza fedha, na kabla hajapoteza fedha huwa ameshapoteza wakati wa watu wake.

Kosa letu wenyewe

Anayewaonya wenzake hapana budi aanze na nafsi yake. Basi tuanze na kosa letu.

Miaka kadhaa iliyopita tuliingia ubia na wenzetu wawili wa kununua mtumbwi, mashine na nyavu za sangara. Tuliambiwa kwamba katika miezi mitatu mtaji ungekuwa umerudi, na baada ya hapo ni faida tupu. Tulitoa fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya ada za watoto, na zilipopungua tukakopa nyingine. Hatukuandika chochote. Tuliona haya kudai maandishi kwa watu tunaosali nao safu moja. Kati yetu watatu, ni mmoja tu aliyejua kazi ya ziwani. Sisi tulijua kula samaki.

Katika miezi ile hatukuwa na utulivu. Tulikuwa mwaloni alfajiri, na usiku tulikuwa na simu sikioni. Mtoto wetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane, alikuwa akituomba tumpeleke kisiwani Saanane, mahali ambapo wenzake wa shule walikwishakwenda. Kila alipoomba tulimjibu, "Subiri mwanangu, mtumbwi ukileta." Mtumbwi haukuleta. Nyavu ziliibwa usiku majini, mashine ikaharibika, na mwenzetu aliyekuwa kambini akaiuza ili alipe madeni aliyosema ni ya kambi. Tulipokaa kuhesabiana, kila mmoja alikumbuka makubaliano yake. Karatasi ya kutuamua haikuwepo.

Fedha zilikwenda, na urafiki wa miaka mingi ukaenda nazo. Lakini lililotuuma zaidi tuliligundua baadaye. Yule mtoto alikuwa ameacha kuomba. Hakukasirika wala hakulia. Alikuwa amejifunza tu kwamba kwa baba yake hakuna haja ya kuomba. Siku tulipompeleka kisiwani hatimaye, tulikuta kwamba gharama yote ya safari ile ilikuwa ndogo kuliko mafuta ya usiku mmoja ya mtumbwi ule. Tungeweza kumpeleka tangu siku ya kwanza.

Hilo ndilo tunalotaka mlibebe kutoka hapa leo: uwekezaji mwema ni ule ambao baba analala usiku na anakaa na watoto wake mchana. Ukikunyima hayo mawili, uchunguze upya, hata kama hesabu zake zinapendeza.

Dini inasema nini

Wako wanaodhani kwamba mcha Mungu hana mapumziko, kwamba kucheka na watoto ni upungufu wa imani. Tukitazama mwendo wa Mtume (s.a.w.) hatuoni hivyo. Yeye alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza akashindwa, na mara nyingine akashinda. Aliwachukua mgongoni wajukuu wake Hasan na Husein. Alimjali mtoto mdogo Abu Umair aliyefiwa na kindege chake, akamuuliza habari zake kama vile anavyoulizwa mtu mzima juu ya msiba. Siku ya Idi aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini, na Bibi Aisha akitazama.

Salman (r.a.) alipomkuta ndugu yake Abu Dardaa (r.a.) anafunga kila mchana na kusali usiku kucha, hata mkewe amekata tamaa naye, alimkumbusha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki, haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alisema Salman amesema kweli. Zingatieni: ikiwa ibada za sunna haziruhusiwi kula haki ya familia, itakuwaje kwa biashara ya mtumbwi?

Upande wa mali nao umeelezwa. Kurani inatusimulia katika Sura Yusuf jinsi Nabii Yusuf (a.s.) alivyowaelekeza watu wa Misri waweke akiba katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Katika Sura Al-Furqan, waja wema wanasifiwa kuwa hawafanyi israfu wala ubahili, bali huwa katikati. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipotaka kuusia mali yake yote kwa sadaka, Mtume (s.a.w.) alimruhusu theluthi tu, na hata hiyo akasema ni nyingi, alimfundisha kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Na yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, aliambiwa kwanza amfunge, kisha ategemee. Tahadhari, basi, ni sehemu ya kutawakali.

Kabla ya kuwekeza

Ndugu zetu, wengi wetu huanzia katikati. Tunasikia faida, tunakimbilia mlango. Mpangilio sahihi ni huu.

Kwanza, lipa madeni. Mwenye deni anayewekeza huwa anacheza na mali ya mwingine. Pili, weka akiba ya dharura, kiasi cha kuilisha nyumba kwa miezi mitatu hadi sita bila kipato. Akiba hii haiwekezwi popote. Inakaa mahali salama, pasipo riba, ambapo unaweza kuichukua siku mtoto anapougua. Tatu, tenga ada za shule, kodi ya nyumba na zaka inapokupasa. Kinachobaki baada ya hayo ndicho unachoweza kusema ni cha kuwekeza, hata kikiwa kidogo. Na hapo jiulize swali moja: fedha hii ikipotea yote, je, nyumbani kwangu watakula? Kama jibu ni hapana, hiyo si fedha ya kuwekeza.

Sisi watu wa Ziwa tuna somo letu la kubeba kupita kiasi. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, ikiwa na abiria wengi kuliko waliostahili, na wengi wa ndugu zetu waliofariki wamezikwa pale Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Hatuyataji haya kwa wepesi. Tunayataja kwa kuwa kila aliyekulia hapa anajua kwamba chombo huonekana kinakwenda vizuri mpaka dakika ile kinapolala ubavu. Nyumba iliyobebeshwa mikopo na ubia juu ya uwezo wake nayo huonekana inakwenda vizuri.

Milango iliyo wazi

Kurani imehalalisha biashara na kuharamisha riba. Maana yake kwa mwekezaji ni kwamba faida ifuatane na kazi au na kubeba hasara pamoja. Tutaje milango michache, bila kumfanyia yeyote tangazo.

Mlango wa kwanza ni ubia wa biashara. Fiqhi inautambua ubia wa mtaji kwa mtaji, yaani musharaka, na ubia wa mwenye mtaji na mwenye kazi, yaani mudharaba. Katika aina zote mbili faida hugawanywa kwa fungu lililokubaliwa, si kwa kiasi maalumu cha shilingi kila mwezi. Na hasara ya fedha hubebwa kulingana na mtaji. Mtu akikuahidi kwamba mwezi uwe mbaya uwe mzuri utapata kiasi kile kile, fahamu kwamba huo si ubia. Na andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sisi tuliona haya kuandika, na haya ile ikatuponza.

Hapa Ziwani mtazame pia hali ya biashara yenyewe. Sangara hakuwepo katika Ziwa letu zamani. Alipandikizwa katikati ya karne iliyopita, akastawi, na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulizuia kwa vipindi samaki wa Ziwa hili, na walioweka kila walichonacho katika sangara peke yake waliona siku ngumu. Mchuuzi wa dagaa naye anajua kwamba mvua ya siku mbili juu ya dagaa walioanikwa inaweza kula faida ya mwezi. Hatusemi msifanye biashara ya samaki. Ni riziki ya mji huu. Tunasema mtaji wote usipande chombo kimoja.

Mlango wa pili ni benki na bidhaa zisizo na riba. Katika nchi yetu baadhi ya benki za kawaida zilianza kufungua madirisha ya huduma za Kiislamu mwishoni mwa miaka ya 2000, na Novemba 2011 Amana Bank ilianza kazi ikiwa benki ya kwanza nchini inayofuata misingi ya sharia katika shughuli zake zote. Mwaka 2022, KCB Bank Tanzania ilitoa sukuk, yaani hati za uwekezaji ambazo mwenye nazo anapata sehemu ya faida badala ya riba. Uliza kila mara: faida inatokana na nini, na kamati gani ya masheikh inaisimamia? Hatifungani za kawaida za serikali, pamoja na usalama wake, hulipa riba. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja nayo ni ya kuulizia. Mfuko wa Umoja kwa mfano, ulioanza mwaka 2005, huweka sehemu ya fedha zake katika hatifungani hizo.

Mlango wa tatu ni hisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Kampuni ya pili kuorodheshwa, mwaka huo huo, ilikuwa ya bia, na mwaka 2000 ikafuata ya sigara. Baadaye zikaja za saruji, za benki na nyinginezo. Kwa hiyo Mwislamu hanunui hisa kwa kutazama bei tu. Kwanza anatazama kampuni inafanya nini. Akishajiridhisha, akumbuke kwamba hisa hupanda na kushuka. Mwaka 2017 hisa za kampuni moja kubwa ya simu ziliuzwa kwa wananchi kwa shilingi 850 kila moja, kisha bei ikashuka chini ya hapo. Aliyenunua kwa fedha asiyoihitaji kwa miaka mingi alisubiri. Aliyenunua kwa ada za shule alilazimika kuuza kwa hasara. Hisa ni zile zile. Tofauti ilikuwa katika nyumba iliyozinunua.

Mlango wa nne ni ardhi, ambayo wengi mnaipenda. Nunua kiwanja kilichopimwa, hakiki umiliki katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, Ilemela au Nyamagana, kabla ya kutoa hata shilingi, na usiridhike na barua ya mwenye kuuza peke yake. Mkipenda viwanja vya ufukweni, kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji, na kwamba mwaka 2020 Ziwa lilijaa mpaka likafikia kiwango ambacho wazee hawajakiona tangu miaka ya 1960, likaingia katika nyumba na mashamba ya watu.

Mlango wa tano ni vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana. Ni jambo jema, hasa kwa akina mama, na wengi wamesomesha watoto kwa njia hiyo. Tatizo ni pale mkopo unaporudishwa na nyongeza. Kikundi cha waumini kinaweza kukopeshana bila nyongeza, au kuweka mtaji wa pamoja, kununua bidhaa na kugawana faida ya kweli. Fedha hizi zote ziwe na daftari, na daftari lisomwe mbele ya wanachama wote.

Milango ya kujiepusha nayo

Ndugu zetu, ipo milango ambayo juu yake pameandikwa uwekezaji, lakini ndani yake kuna shimo.

Mmoja ni upatu wa piramidi, ambapo anayelipwa leo analipwa kwa fedha ya anayejiunga leo. Mnaikumbuka DECI. Watu waliambiwa wapande fedha kama mbegu na kuvuna maradufu baada ya muda mfupi. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Hakukuwa na shamba. Palikuwa na foleni tu, na waliokuwa mwisho wa foleni ndio waliopoteza. Kule Kenya nako mipango ya namna hiyo iliporomoka na kuwaumiza wengi katika miaka hiyo hiyo. Leo mchezo huo umehamia katika simu, una picha nzuri na kundi la ujumbe lenye watu wanaoshuhudia kila siku kwamba wamelipwa. Dalili zake hazijabadilika: faida kubwa ya uhakika, haraka ya kujiunga, malipo kwa kuleta watu wengine, na hakuna bidhaa inayoonekana. Na aliyemwingiza jirani yake asidhani kuwa amesalimika kwa sababu yeye alilipwa. Amelipwa kwa fedha ya jirani.

Wa pili ni kubeti. Huu tunauhofia zaidi, kwa maana unajifanya mambo mawili kwa pamoja: unajifanya uwekezaji na unajifanya mapumziko. Kijana anakaa na wenzake wanatengeneza mkeka, anasema anaburudika. Akiulizwa juu ya fedha, anasema anatafuta mtaji. Kwa kweli hapati burudani, kwani hautazami mpira kwa raha tena, anatazama fedha yake ikikimbia uwanjani. Wala hapati mtaji, kwani mchezo ule umepangwa hivyo kwamba mwenye duka ndiye anayebaki na faida. Leseni ya serikali haibadilishi hukumu ya Kurani, ambayo katika Sura Al-Maidah imeitaja kamari pamoja na ulevi. Tunawaomba akina baba: kabla ya kumkaripia kijana, jiulizeni ni lini mara ya mwisho mlikwenda naye Kirumba kutazama mpira, mkae naye, mnunue karanga, mrudi nyumbani bila mkeka. Aliyekosa mapumziko ya halali hutafuta mengine.

Wa tatu tunautaja kwa uchungu. Kanda yetu hii ya Ziwa iliingia aibu kuanzia miaka ya 2007 na kuendelea, pale ndugu zetu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo kwa sababu ya waganga waliowaahidi watu utajiri wa madini na wa samaki. Huko ndiko pupa ya mali inakomfikisha mtu asiyekuwa na imani. Wala tusijione tuko mbali nao. Anayefunga hirizi kwenye nyavu au kufukia kitu mlangoni pa duka ili kuvuta wateja amekwishaingia njia ile ile, ingawa bado yuko mwanzoni mwake. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na sababu zake ni kazi, elimu na uaminifu.

Mapumziko yaliyo karibu

Sasa turudi nyumbani. Wengi husema, "Sisi ni maskini, matembezi ni ya matajiri." Ndugu zetu, wako watu wanaosafiri kutoka ng'ambo, wanalipa fedha nyingi ili waone yale ambayo sisi tunayapita tukienda kazini. Jiwe la Bismarck liko pale ufukweni, na kulitazama jua likizama nyuma yake hakuna kiingilio. Kisiwa cha Saanane kilianza kuwa bustani ya wanyama katika miaka ya 1960 na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yanayokizunguka; ni mwendo mfupi wa boti kutoka mjini. Kuna pimbi juu ya mawe, kuna swala, na ndege wa kila namna. Njia ya Musoma, pale Kisesa, kuna Bujora, ambapo watoto wanaweza kuona vyombo na nyumba za mababu wa Kisukuma. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limeifanya safari ya kuwaona jamaa wa Sengerema na Geita kuwa nyepesi. Kuunga udugu ni ibada, na kwa watoto ni matembezi.

Zipo pia kazi za kupenda tu: kuvua kwa ndoano juu ya mawe pamoja na vijana, kulima mchicha na nyanya nyuma ya nyumba, kufuga kuku wachache au njiwa, kushona, kusoma, kucheza bao bila dau. Tunawapa nasaha moja katika hili. Si lazima kila unachokipenda ukigeuze biashara. Mtu anafuga kuku kumi kwa raha, watoto wanaokota mayai. Anashauriwa, anakopa, analeta mia tano, ugonjwa unapita, na sasa ana deni na hana tena cha kumpumzisha. Kama bustani yako inaleta mboga mezani na utulivu moyoni, imekwishalipa. Ukitaka kuipanua, ipanue kwa faida yake yenyewe, polepole.

Usalama nao ni amana. Ziwa letu ni zuri, lakini lina mambo yake. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani huishi konokono wanaoeneza kichocho, ambacho vijidudu vyake hupenya ngozi; mtoto aliyezoea kuoga humo apelekwe akapimwe choo na mkojo, kwani dawa ipo. Wafundisheni watoto kuogelea, lakini mahali salama na mbele ya mtu mzima, mamba wapo. Mkipanda boti, kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha, na ikiwa imejaa, shukeni, hata kama mmeshalipa. Na wakati wa sala uwakute mkisali. Watoto watakumbuka kwamba baba alitandika mkeka wa sala ufukweni.

Baraza la nyumba

Tumalizie kwa jambo la kutenda. Kila mwisho wa mwezi, baada ya Isha, mke na mume wakae na daftari. Waandike kilichoingia, kilichotoka, deni, akiba, na sadaka. Waandike pia siku moja ya familia katika mwezi unaofuata, na kiasi chake, hata kiwe ni nauli ya daladala na maandazi. Siku hiyo iandikwe pamoja na kodi na ada, isiachwe mpaka kibaki kitu, maana kitu hakibaki. Watoto wakubwa waitwe wasikilize. Mdogo apewe kibubu chake na afundishwe kutoa humo sadaka.

Enyi waume, mali ya mke ni yake. Dhahabu yake, mshahara wake na mtaji wake wa vitenge haviingii katika ubia wako bila ridhaa yake ya kweli, na ridhaa aliyoitoa kwa kuogopa ugomvi si ridhaa. Laiti sisi tungalimsikiliza mke wetu siku ile ya mtumbwi, yeye ndiye aliyeuliza, "Mmeandikiana?"

Na mali ikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikatimiza mwaka, toeni zaka asilimia mbili na nusu. Akiba isiyotolewa zaka haina ulinzi.

Yule mtoto wetu sasa ni kijana. Majuzi alitujia na mpango wa biashara ya dagaa pamoja na mwenzake. Tulimsikiliza, kisha tukamuuliza maswali haya tuliyowasomea leo. Akatoa karatasi mfukoni, imeandikwa na kutiwa saini na mashahidi wawili. Tukamshukuru Mwenyezi Mungu. Halafu akatuuliza kama Jumapili tutakuwa na nafasi, twende tukavue kwa ndoano. Tulimjibu ndiyo, na tulikwenda.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali yenye baraka, atuepushe na riba, kamari na pupa, awarehemu waliotutangulia katika maji ya Ziwa hili, na azifanye nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.